Tubby Hayes na Muziki Uliovuka Bahari

Huenda msomaji akashangaa kukuta katika kurasa hizi habari za mpiga saksafoni wa London. Lakini wengi wetu tunaofundisha Kiswahili huku bara tulijifunza lugha hii mbali na pwani, kwa vitabu na kwa redio, na tunalijua vema swali lililomkabili mtu huyu tangu ujana wake: je, aliyeipokea sanaa ya wenzake kutoka ng'ambo aweza kuisema kwa ulimi wake mwenyewe, au atabaki kuwa mwigaji hodari tu?

Edward Brian Hayes alizaliwa London tarehe 30 Januari 1935. Kwa ajili ya unene wake alipewa lakabu ya Tubby, yaani kibonge, na lakabu hiyo ndiyo iliyopata umaarufu. Baba yake alikuwa mpiga fidla katika okestra ya redio ya BBC, naye mtoto alianzishwa kwa fidla, kisha piano, na hatimaye akaangukia saksafoni. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa tayari akila jasho lake kama mpiga muziki, na mwaka 1951 aliingia katika kundi la mpiga tarumbeta Kenny Baker.

Mwaka ule ule aliozaliwa Hayes, serikali ya Uingereza, kwa kushikiliwa na chama cha wapiga muziki, ilianza kuzinyima bendi za Marekani vibali vya kazi. Chama kilikuwa na hoja yake, nayo haikuwa ya kupuuzwa: kulinda riziki ya wanachama, kwa kuwa Waingereza nao hawakupokelewa Marekani kwa urahisi. Hata hivyo kizuizi hicho kilidumu miaka ishirini, na kizazi kizima kikakua bila kuwaona kwa macho walimu wake. Kijana wa London aliyetaka kujifunza kwa Charlie Parker hakuwa na mwalimu ila santuri. Ronnie Scott, aliyemzidi Hayes umri kwa miaka minane, alikwenda kufanya kazi ya muziki katika meli Queen Mary ili ikitia nanga New York apate kushuka na kwenda kusikiliza. Hayes yeye alijifunza nyumbani, kwa sikio.

Wawili hao waliungana mwaka 1957 wakaunda kundi la Jazz Couriers, lenye saksafoni mbili za tenori mbele. Santuri yao ya mwaka 1958, iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Dominion, London, yaonyesha ufundi wa kutisha. Noti zinafuatana kama mvua ya masika juu ya bati. Nadhani hapo ndipo penye kasoro pia: Hayes wa miaka ile anazungumza kama mwanafunzi aliyekwisha kukusanya msamiati mkubwa na anayeogopa kunyamaza, asije akadhaniwa hajui. Kila mwalimu amekutana na mwanafunzi wa namna hiyo, na aghalabu ndiye bora darasani.

Wala saksafoni haikumtosha. Katikati ya miaka ya 1950, kwa kuvutwa na Victor Feldman, alijifunza vibrafoni, ala ile ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa virungu. Kisha akaongeza filimbi. Alipiga pia saksafoni ya baritoni na ya alto, akatunga na kupanga muziki kwa ajili ya bendi kubwa.

Kundi la Jazz Couriers lilivunjika mwaka 1959. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo Scott na mwenziwe Pete King walifungua klabu katika mtaa wa Gerrard, na klabu hiyo ndiyo iliyobomoa sehemu ya mwisho ya ukuta. Hadi wakati huo bendi za kigeni zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, lakini si mpigaji mmoja mmoja kuja kufanya kazi klabuni. Mwaka 1961 vyama vya nchi mbili vilikubali kubadilishana: Zoot Sims aje London, Hayes aende kupiga katika klabu ya Half Note, New York. Mwigaji, kama alikuwa mwigaji, alipelekwa sasa mbele ya wenyewe.

Alitoka salama, na zaidi ya salama. Mwezi Oktoba alirekodi santuri iitwayo Tubbs in N.Y. pamoja na Clark Terry wa tarumbeta na Horace Parlan wa piano, na hakuna mahali ambapo mgeni anaonekana kuomba nafasi. Mwaka 1962 alirudi akarekodi na Roland Kirk na James Moody. Moody, kwa kuwa mkataba wake ulimfunga kwingine, aliandikwa kwenye jalada kwa jina la mzaha, Jimmy Gloomy. Mwezi Februari 1964, Duke Ellington alipokuwa London katika ukumbi wa Royal Festival, mpiga tenori wake Paul Gonsalves hakuweza kupiga. Hayes aliitwa kutoka miongoni mwa watazamaji, akaketi katika kiti hicho bila mazoezi, akayasoma maandishi ya Ellington papo hapo.

Kazi zake za bendi kubwa, Tubbs' Tours ya 1964 na 100% Proof iliyorekodiwa 1966, zastahili kusikilizwa, ila mimi humrudia Hayes wa Mexican Green. Aliirekodi mwaka 1967 na vijana watatu, Mike Pyne, Ron Mathewson na Tony Levin. Katika kipande chenye jina hilo mwendo unabadilika-badilika, mpango unafunguka, na mtu yule wa noti elfu anajua sasa kusubiri.

Lakini afya ilikuwa imeanza kumwacha. Dawa za kulevya zilimdhuru, na moyo ulikuwa mbovu. Mwaka 1971 alipasuliwa moyo, akarudi jukwaani kwa nguvu pungufu. Alifariki tarehe 8 Juni 1973 wakati wa upasuaji mwingine, akiwa na umri wa miaka 38.

Mwaka 1969 alikuwa amerekodi kanda kadhaa za jazi na kundi lake dogo kwa ajili ya kampuni ya Fontana. Wakati huo kampuni za santuri zilikuwa zikitafuta nyimbo za kisasa zenye kuuzika, na iliyotoka ikawa santuri ya okestra yenye nyimbo za namna hiyo. Zile kanda nyingine ziliwekwa ghalani. Zilitolewa mwaka 2019 kwa jina la Grits, Beans and Greens, nusu karne baada ya kupigwa.