Sifuri Iliyopokonywa Jina

Waarabu walipotaka kuitaja nafasi isiyokuwa na kitu katika hesabu, waliiita sifr, yaani tupu, wakifasiri neno la Wahindi, shunya. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa Waarabu wenyewe, na sifuri yetu haikuhama maana. Kwa Waslavi safari ilikuwa ndefu zaidi. Neno lilipita kwanza katika Kilatini cha wanazuoni wa Ulaya, likaandikwa cifra, ndipo likaelekea mashariki: cyfra kwa Wapolandi, tsifra kwa Warusi, cifra kwa Waslovakia na Waserbia.

Leonty Magnitsky, katika kitabu chake cha hesabu kilichochapwa Moscow mwaka 1703, bado aliita alama ya 0 kwa jina hilo. Warusi walikuwa wamezoea kuandika idadi kwa herufi zao zilizowekewa alama juu. Tarakimu zilizotoka India zilikuwa ngeni machoni mwa wengi, na iliyo ngeni kuliko zote ni ile isiyokuwa na thamani peke yake. Jina lake likaja kuwafunika wenzake tisa, kama lilivyokwisha kufanya Ulaya magharibi, na tsifra ikawa tarakimu yoyote ile.

Tsifir nayo ikawa elimu nzima ya hesabu. Mwaka 1714 Tsar Petro wa Kwanza aliamuru shule za tsifir zifunguliwe mikoani, na kijana wa kikabaila asiyekuwa na cheti cha kuhitimu alikatazwa kuoa. Neno la utupu likasimama mlangoni pa nyumba ya harusi!

Baadaye mzizi huo uliingia mara ya pili kwa njia ya Kifaransa: shifr kwa Warusi, szyfr kwa Wapolandi, yaani maandishi ya siri. Katika Kislovakia, kilichopakana na Kihungari, cifrovať ni kutia nakshi, na pia kucheza ngoma kwa hatua za madaha. Na Urusi ilipozima matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani mwaka 2019, watu walisema wanahamia kwenye tsifra, yaani dijitali.

Sifuri yenyewe ikabaki bila jina. Warusi waliiazimia neno jingine la Kilatini, nulla, wakaiita nol. Wapolandi husema zero, neno lililotokana na zephirum ya Leonardo wa Pisa, aliyeiandika mwaka 1202. Nayo ni sifr ile ile, iliyorudi kwa mlango wa uani.