Manowari: Neno Moja, Historia Mbili

Mwanafunzi mmoja kutoka Koboko aliwahi kuniuliza darasani hapa Arua: "Mwalimu, sisi hatuna bahari. Neno manowari litatufaa nini?" Nilimjibu kisarufi tu: ngeli ya I-ZI, neno la mkopo, kutoka msemo wa Kiingereza wenye maana ya 'mtu wa vita'. Jibu hilo halikutosha.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangamiza merikebu za Sultani Barghash bandarini Unguja. Baadaye aliagiza meli ya mvuke kutoka kiwanda cha Denny, Uskochi. Meli hiyo, Glasgow, ilikamilika mwaka 1878. Ilikuwa ya fahari kuliko ya vita, yenye mizinga 7 midogo.

Japani nayo ilikuwa mnunuzi. Mwaka 1884 iliagiza manowari mbili, Naniwa na Takachiho, kutoka kiwanda cha Armstrong, Newcastle. Ndani ya kila moja, karibu na usawa wa maji, sitaha ya chuma cha pua ilikinga injini na ghala la baruti. Ubavu haukuvikwa chuma kizito, hivyo meli ilikwenda kasi. Lakini Japani haikuishia kununua. Ilikuwa imekwisha kuwapeleka vijana kusoma Uingereza, akiwemo Togo Heihachiro, aliyekuja kuwa nahodha wa Naniwa. Mwaka 1892 karakana yake ya Yokosuka ilishusha majini Akitsushima, manowari ya aina hiyohiyo. Mwaka 1894 zote tatu zilipigana na Wachina karibu na mlango wa mto Yalu, na Japani ikashinda.

Tarehe 27 Agosti 1896, Glasgow ilikabiliana na manowari za Uingereza mbele ya jumba la Sultani. Mojawapo, St George, ilikuwa na sitaha ya kinga na uzito wa zaidi ya tani 7,000. Glasgow ilizamishwa. Vita vyote havikufika saa moja.

Tusimlaumu Barghash, aliyefariki mwaka 1888. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kumwachia, huko bara, ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Hata hivyo, somo lipo: kununua si kujua. Sisi walimu wa West Nile tunaagiza vitabu vya Kiswahili kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na ni vizuri. Je, karakana yetu iko wapi? Siku tutakapoandika vya kwetu, mwanafunzi yule atakuwa amejibiwa.