Bei ya Kushindwa: Umeme, Makala na Hesabu za Jikoni Rutshuru

Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kilizinduliwa Desemba 2015 kikiwa na uwezo unaozidi megawati 13. Kilizaliwa na mpango wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na matarajio yake yalikuwa mawili: kwanza, umeme ungeamsha viwanda vidogo na kuwapa vijana kazi, pili, ungeziondoa familia kwenye makala (makaa ya miti) yanayochomwa ndani ya msitu wa hifadhi, hasa upande wa Tongo, na kusafirishwa kwa lori, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, hadi masoko ya mji wa Goma. Katika tarajio la kwanza matunda yalionekana mapema, kwani mwenye mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea hakuhitaji kushawishiwa aache dizeli. Katika tarajio la pili mwendo umekuwa wa pole mno. Nyumba nyingi zilizoingiziwa umeme bado zina mbabula, yaani jiko la makala, nyuma ya nyumba na gunia la makala pembeni yake. Insha hii inauliza kwa nini, na inadai kwamba jibu lililozoeleka, yaani kwamba watu ni maskini au wameshikilia mila, halitoshi. Familia ya Rutshuru inapokipima chombo kipya haitazami kwanza kinafanya kazi vizuri kiasi gani kikiwa kizima. Inatazama itapata hasara gani siku kitakapokwama, na ni nani nyumbani atakayeibeba hasara hiyo.

Ushahidi wa kwanza ni mfuatano ambao vifaa huingia nao nyumbani. Umeme ukishafika, taa na chaji ya simu hubadilika siku ileile. Redio na televisheni hufuata, kisha pasi, kisha friji kwa wenye uwezo. Kupika huja mwisho, na mara nyingi hakuji kabisa. Mfuatano huu haufuati bei ya vifaa, maana televisheni ni ghali kuliko jiko la umeme la koili, lile ambalo mjini Goma huitwa resho. Haufuati hata faida, kwa sababu makala ni miongoni mwa matumizi makubwa ya nyumba za mjini kila mwezi, na mwenye kuyapunguza angeona tofauti mfukoni. Unafuata uzito wa kushindwa. Taa ikizimika, familia huwasha tochi ya simu au hulala mapema. Televisheni ikizimika, watu huongea. Pasi ikigoma, pasi ya makala bado iko kabatini. Lakini chungu cha maharage kikipoa saa kumi na moja jioni kikiwa nusu, watoto watalala na njaa na kesho yake hawatasoma vizuri, na lawama yote itamwangukia mama aliyekitenga. Jikoni ndiko mahali pekee nyumbani ambapo hasara ya kukatika kwa umeme haiwezi kuahirishwa.

Maharage yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa Rutshuru ni ghala lake na ndiyo mboga ya karibu kila siku. Kuyapika huko ni kazi ngumu kuliko pwani, na sababu yake ni ya kifizikia. Katika miinuko inayozidi mita 1,200 maji huchemka kwenye digrii 95 au 96 badala ya 100, na maharage makavu huchukua saa mbili, tatu au zaidi kuiva. Resho la koili likiachwa kwa muda huo hula yuniti nyingi za umeme, na mama anayeona tarakimu za mita zikishuka huona fedha zikiyeyuka mbele ya macho yake. Sufuria ya umeme ya presha ni jambo jingine: mvuke uliofungiwa hupandisha joto hadi karibu digrii 115, muda hupungua kwa zaidi ya nusu, na maharage huiva kwa umeme usiofika yuniti moja. Kwa hesabu ya ufanisi peke yake, sufuria hiyo ingekwisha kutawala kila jiko. Ila ikipimwa kwa bei ya kushindwa, sura inabadilika. Resho hupikia sufuria ya kawaida, na umeme ukikatika mama huinyanyua akaitenga kwenye mbabula. Chungu cha ndani cha sufuria ya presha kina utando usiostahimili makala. Kikikwama, chakula huhamishiwa chombo kingine na upishi huanza upya. Raba yake ya mfuniko ikichakaa, au kibao chake cha elektroniki kikiungua kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka, fundi wa kukitengeneza na kipuri chake huenda vikapatikana Goma tu, umbali wa kilomita 70 hivi, katika barabara isiyopitika kila siku. Tena bugali (ugali), unaosongwa kwa nguvu huku sufuria imeshikwa imara, hauna nafasi ndani yake. Kwa hiyo hata nyumba iliyoinunua haiwezi kuiaga mbabula.

Hapa ndipo inapofaa kuyalinganisha makala na umeme si kwa usafi bali kwa namna vinavyokosekana. Makala nayo hukosekana. Mapigano ya jeshi na waasi yalipofunga barabara za kuingia Goma kuanzia 2022, bei yake ilipanda na familia nyingi zilibana mlo. Lakini makala hukosekana kidogo kidogo: bei hupanda, kipimo hupungua, mtu huhama kutoka gunia hadi ndoo na kutoka ndoo hadi kopo, hukopa kwa jirani, huchanganya na kuni. Kila hatua inampa mama nafasi ya kujirekebisha. Umeme hukatika mara moja, bila hatua za kati. Mwishoni mwa Januari 2025, waya za kuleta umeme Goma zilipoharibika katika mapigano, mji ulikosa umeme na maji kwa pamoja, kwa kuwa pampu nazo hutegemea umeme. Benki zilipofunga milango baada ya mji kutekwa na waasi, hata mwenye waya mzima ilimbidi atafute njia ya kupata fedha ya kulipia yuniti. Makala yaliyopo nyumbani yameshalipiwa na hayahitaji mtandao, benki wala fundi wa nguzo. Na mwenye kukimbia hubeba simu, godoro, sufuria na bidoni (dumu), hata mbabula ikiwezekana. Familia zilizotoka Rutshuru mwaka 2022 zikajikuta chini ya mahema ya kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, hazikuweza kubeba mita wala ada ziliyokwisha kuilipa ili ziunganishwe. Uwekezaji katika umeme umefungwa kwenye ukuta wa nyumba, na mahali ambapo nyumba yenyewe huachwa, hilo si jambo dogo.

Kama dai hili ni sahihi, basi kifaa kipya ambacho kushindwa kwake hakugharimu chochote kinapaswa kuenea upesi. Historia ya Kenya inalithibitisha. Jiko la makala lenye kitako cha udongo wa kuchomwa ndani ya bati lilibuniwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiazima wazo la ndoo za kupikia za Thailand, na mafundi wa jua kali wakalisambaza hadi nchi jirani. Sifa yake iliyotajwa zaidi ni kupunguza matumizi ya makala. Sifa isiyotajwa sana ni kwamba halikumtaka mama abadilishe chochote: makala yaleyale, sufuria ileile, na udongo ukipasuka jiko linaendelea kuwaka huku likila makala zaidi kidogo. Lilishindwa kwa upole, na likikwisha kabisa, fundi wa mtaani hutengeneza jingine. Mashine ya kusaga inathibitisha upande wa pili. Mwenye mashine aliyehamia umeme aliweza kuiacha ile ya dizeli pembeni kama akiba, na hata asipoiwasha, umeme ukikatika wateja ndio walirudi kesho. Hasara ya kusubiri iligawanywa kwa watu wengi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wachumi: haya yote ni umaskini uliopewa jina jingine, ongeza kipato, shusha bei ya yuniti, na mbabula itatoweka. Ni kweli kwamba kipato kina uzito, na hakuna anayepinga kwamba ada ya kuunganishwa huzuia nyumba nyingi. Lakini umaskini peke yake hauelezi kwa nini nyumba ileile inayolipia televisheni haipikii umeme, wala kwa nini familia zenye uwezo mjini Goma nazo huweka makala ya akiba. Kipato kinaeleza nani ataunganishwa. Hakielezi atautumia umeme kwa kazi gani baada ya kuunganishwa. Zaidi ya hayo, umaskini wenyewe ni sehemu ya hoja hii: maskini ndiye asiyeweza kulipia kosa mara mbili. Mwenye nacho sufuria ikimkwamia hununua chakula hotelini, na kwa mwingine mlo uliokwama ndio mlo wa siku.

Pingamizi la pili ni la mila: husemwa kwamba watu wanapenda ladha ya makala, wanaogopa umeme, au wanaukataa ugeni. Mtafiti wa Norway, Tanja Winther, aliyechunguza kuingia kwa umeme katika kijiji cha Uroa, mashariki mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, alikuta kwamba umeme ulipokelewa kwa taa na televisheni huku kupika kukibaki kwenye kuni, na wenyeji walitaja ladha na hatari. Maelezo hayo ni ya kweli kama yalivyosemwa, ila utafiti wake unaonyesha pia jambo ambalo hoja ya ladha hulifunika: vifaa na bili za umeme vilikuwa mikononi mwa wanaume, na jiko lilikuwa la wanawake. Hili linaingia moja kwa moja katika hesabu ya Rutshuru. Baba ndiye mara nyingi huamua kununua yuniti; mama ndiye hujibu maswali chakula kikichelewa. Anayelipa si anayeumia kifaa kinaposhindwa, na anayeumia hana sauti ya mwisho katika kulipa. Katika mgawanyo huo, mama anayeshikilia mbabula hang'ang'anii mila. Anashikilia chombo pekee ambacho yeye mwenyewe ana mamlaka nacho, kwa kuwa makala hununuliwa kwa kopo kutoka fedha ya siku anayoishika yeye. Ladha nayo ina historia fupi kuliko inavyodhaniwa: taa ya mafuta nayo ilikuwa na wapenzi wake, na bado iliachwa balbu ilipowaka.

Pingamizi la tatu ni kwamba Rutshuru ni mahali pa vita, na kinachotokea humo hakifundishi kitu mahali penye amani. Zanzibar inajibu. Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mzima kwa hitilafu katika njia ya umeme itokayo bara, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakosa tena kwa miezi mitatu. Hapakuwa na bunduki, na wenye makala walipika kila siku. Tanzania bara ina bwawa la Julius Nyerere, lililobuniwa kutoa megawati 2,115, na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Lengo hilo lenyewe ni ushahidi kwamba wingi wa umeme na upishi wa umeme ni mambo mawili tofauti. Vita vya Kivu vimekuza kwa kiwango kikubwa jambo ambalo kila jiko la Afrika Mashariki hulijua kwa kiwango kidogo.

Pingamizi la nne ndilo zito zaidi. Kuitetea mbabula kuwa ni busara, mtu atasema, ni kuhalalisha moshi unaoua na msitu unaokwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mauaji ya sokwe wa milimani katika Virunga mwaka 2007 yalihusishwa na biashara ya makala. Jibu ni kwamba uamuzi unaweza kuwa wa busara kwa nyumba moja na bado ukawa hasara kwa wote. Ndiyo sababu hauwezi kurekebishwa kwa mahubiri. Mama anayeambiwa kila siku kwamba moshi ni mbaya anajua hivyo kwa macho yake yanayowasha. Mpango wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi la WWF, uliowahimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kuchomea makala kwenye mashamba yao, ulielewa jambo hili kwa sehemu: uliyakubali makala kuwa yapo na kujaribu kuyahamisha kutoka hifadhini.

Yanayofuata kutokana na hoja hii ni ya vitendo. Mradi wa umeme usijipime kwa idadi ya nyumba zilizounganishwa, kwa sababu nyumba iliyounganishwa inaweza isipunguze hata kopo moja la makala. Ujipime kwa makala ambayo hayakununuliwa. Usiwatake watu waihame mbabula, bali uwape umeme kwa ule upishi unaokula makala mengi, yaani maharage, na kuliachia jiko lolote lililopo bugali na chai. Saa tatu za makala zikiondolewa kila siku, msitu hautauliza kama mbabula ingali uani. Anayeuza sufuria ya presha aiuze pamoja na raba za akiba na fundi aliyefunzwa katika miji ya Rutshuru-centre na Kiwanja, na chungu cha ndani kiwe cha chuma kinachostahimili moto wa makala, hata kama kitapunguza ufanisi kidogo. Na mita iruhusu deni dogo la usiku mmoja, kama muuza makala wa jirani anavyoruhusu. Kila moja ya hatua hizi hushusha bei ya kushindwa kwa yule anayeilipa. Mpango utakaozipuuza utajenga nguzo nzuri, na makala yataendelea kupita chini yake kwenda sokoni.