Kipaza Sauti Kisichopaza: Historia Fupi ya Spika za Chumba Kidogo

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimepanga chumba Sinza, kama mita tatu kwa tatu na nusu, na nusura nifukuzwe kwa sababu ya sabufa.

Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anaijua hali yenyewe. Ukuta wa kati unaishia kwenye lenta, juu yake ni silingibodi tu. Jirani akigeuka kitandani unamsikia. Mimi nilikuwa natoka kazini gazetini saa tano, saa sita usiku, na muziki nausikiliza saa hiyo hiyo, sauti ya chini kabisa. Nilijiona mstaarabu. Mpaka siku moja mama wa chumba cha pili, aliyekuwa analea mjukuu mchanga, akanisubiri koridoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hivi usiku unapigaga muziki gani?"

Nikamwambia ni taarabu, zile za zamani.

"Taarabu? Mimi taarabu siisikii. Mimi nasikia du-du-du tu, mpaka mtoto anaamka."

Mwenye nyumba akanipa mwezi mmoja: nibadilike au nihame. Nikakasirika, maana niliona nimeonewa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mama, kwa sentensi moja, alikuwa amenieleza jambo ambalo mafundi wa sauti wameshughulika nalo kwa karibu miaka mia.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tunasema kipaza sauti. Yaani kazi yake imo kwenye jina: kupaza. Na kweli kilizaliwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walichapisha maelezo ya spika ya koni inayosukumwa na waya uliozungushwa ndani ya sumaku. Spika nyingi tulizonazo leo, hata ile ya bajaji, ni wajukuu zake. Miaka michache baadaye sinema zikaanza kuongea, na spika zikaenda kwenye kumbi. Amplifaya za wakati huo zilikuwa dhaifu, kwa hiyo spika zikawa kubwa na zenye mabomba mapana ili kila chembe ya nguvu igeuke sauti. Huku kwetu nako muziki wa kunaswa uliingia kama kitu cha kukusanya watu. Santuri ambazo Siti binti Saad alizirekodi Bombay mwaka 1928 zilisikilizwa na umati uliozunguka gramafoni moja. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu mmoja, ameketi peke yake usiku, na jirani amelala.

Mtu huyo alianza kufikiriwa kidogo mwaka 1954. Edgar Villchur, Mmarekani, alitambua kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi lisilovuja inaweza kufanya kazi ya springi na kuirudisha koni mahali pake. Pamoja na Henry Kloss wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research, na spika yao, AR-1, ikatoa besi nzito kutoka kwenye boksi linaloweza kukaa juu ya rafu. Miaka minne baadaye, mwaka 1958, santuri za stereo zikaanza kuuzwa. Sasa kila nyumba ilihitaji spika mbili, siyo moja, na nani ana nafasi ya makabati mawili makubwa sebuleni? Udogo ukawa biashara.

Lakini spika ninayoipenda zaidi katika historia hii haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya gari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, BBC, shirika lile lile ambalo tangu mwaka 1957 limekuwa likitusemesha kwa Kiswahili, lilikuwa na tatizo. Magari yake ya matangazo ya nje yalikuwa na chumba kidogo ambamo fundi hukaa kupima sauti inayokwenda hewani. Humo spika kubwa haiingii, na hedifoni hazikutosha kumpa picha kamili. Idara ya utafiti ya shirika ilikuwa tayari na spika ndogo iliyotumika katika majaribio ya mifano midogo ya studio. Wakaichukua hiyo wakaiendeleza. Matokeo yake yakaitwa LS3/5A, na ripoti yake ya kiufundi ilitoka Oktoba 1976.

Ni kiboksi cha plaiwudi, urefu sentimita 30, upana 19, ndani kina kama lita 5 za hewa. Ukuta wake ni mwembamba kwa makusudi, umebandikwa tabaka la kuzima mtikisiko. Ndani yake kuna spika mbili za kampuni ya KEF: moja ya sauti za kati na besi, nyingine kikuba kidogo cha milimita 19 kwa sauti za juu. Waliotengeneza hawakudanganyana kwamba itatikisa nyumba. Besi ya chini kabisa haipo. Badala yake waliacha kauvimbe kadogo kwenye besi ya juu, sikio likapata hisia ya unene. Kilichowashughulisha zaidi ni sauti ya binadamu. Mtu alizungumza kwenye maikrofoni, kisha wakalinganisha sauti yake halisi na ile inayotoka kwenye boksi. Sauti ya mtu unayemfahamu ndiyo mizani. Hakuna chombo kilichokuwa kikali kuliko sikio la mwenzake wa ofisini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba.

Baba alituachia kaseti kumi na moja. Alikuwa akirekodi taarabu na dansi kutoka Radio Tanzania, na katikati ya nyimbo alikuwa na tabia ya kusema mwenyewe jina la wimbo na tarehe, kama vile naye ni mtangazaji. Nilizihamishia kwenye kompyuta baada ya msiba. Kwenye sabufa yangu, baba alisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nilidhani kaseti zimechakaa. Kumbe nilikuwa nimenunua boksi lililoandikwa wati elfu kadhaa, lililokuwa likimpa baba yangu kifua ambacho hakuwa nacho.

Sasa turudi kwa mama wa chumba cha pili. Kwa nini yeye alisikia besi tu, na mimi niliyekuwa ndani ya chumba nilihisi besi haitoshi?

Nusu ya jibu ilipatikana mwaka 1933. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba kadiri sauti inavyoshuka ndivyo besi inavyotutoroka. Kwa vipimo vinavyotumika leo, sauti ya hezi 100 inahitaji takriban desibeli 64 ili isikike sawa na ya hezi 1000 yenye desibeli 40. Ukifungulia mpaka 80, pengo hilo linapungua kwa nusu. Ndiyo maana amplifaya za zamani zilikuwa na kitufe kilichoandikwa Loudness: kazi yake ilikuwa kurudisha besi pale unapopunguza sauti. Mimi, bila kujua, kila nikipunguza sauti nilikuwa naongeza besi.

Nusu ya pili ni ukuta. Sauti nyembamba huzuiwa kirahisi, besi hupita. Tena chumba cha mita tatu kina besi yake chenyewe: wimbi la hezi 57 hivi lina urefu wa mita sita, kwa hiyo linakwenda na kurudi kati ya kuta likijiongezea nguvu. Sabufa niliyoiweka kwenye kona, chini sakafuni, ilikuwa mahali hasa pa kuliamsha wimbi hilo. Uimbaji ulibaki kwangu, du-du-du zikaenda kwa mtoto.

LS3/5A yenyewe sikuwahi kuifikiria kununua. Zilizopo zinawindwa na wakusanyaji, na bei yake ni kodi ya chumba kile kwa miaka. Lakini mawazo yake ni ya bure. Nikaiuza sabufa, nikaenda Kariakoo kwa fundi anayeuza spika za mtumba kutoka Ulaya. Nilikwenda na simu, ndani yake sauti ya baba. Fundi alitaka anipigie wimbo wa kutikisa vioo. Nikamwomba aweke sauti chini, kiasi cha mazungumzo, tusikilize mtu akiongea.

"Sasa bro, spika utaijuaje ukiiweka chini hivyo?"

Nikamwambia huyu anayeongea namjua.

Jozi ya nne ndiyo niliyochukua: viboksi viwili vilivyofungwa pande zote, vikuukuu, kimoja kimekwanguka pembeni. Nyumbani niliviweka mezani, mbali kidogo na ukuta, usawa wa masikio, nikaketi umbali wa mita moja. Ukikaa karibu namna hiyo unasikia spika kabla ya kusikia chumba. Na nguvu inayohitajika ni ndogo ajabu. Spika ya aina ya LS3/5A, ambayo inajulikana kwa uvivu, hutoa kama desibeli 82 kwa wati moja ukiwa mita moja. Kwa desibeli 60 za usiku, unatumia chini ya sehemu moja ya mia ya wati. Zile wati elfu kadhaa zilikuwa za nani?

Mwezi ukaisha, sikuhama. Mama wa chumba cha pili akaniuliza kama redio imeharibika. Nikamwambia hapana, ipo.

Usiku ule wa kwanza niliweka kaseti ya tatu. Baba anataja wimbo, anataja tarehe, halafu kuna kimya cha sekunde mbili kabla muziki haujaingia. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Lakini ndani ya kimya kile, kwa mbali, kuna sauti ya mama, kijana, anamwambia apunguze redio, watoto wamelala.