Amarone: Jina Lililofikishwa Kortini

Ukienda sokoni ukaitisha zabibu, muuzaji atakuuliza: mbichi ama kavu? Mwarabu hana shida hiyo. Kwake tunda bichi ni inab, na lililokaushwa ni zabib. Sisi tulichukua jina la tunda kavu tukalivisha yote mawili. Neno mvinyo nalo tulilitoa kwa Wareno. Majina husafiri hivyo, na yakifika yanakofika hakuna anayeuliza yalikuwa ya nani. Labda ndiyo maana nilivutiwa na kisa cha Amarone, mvinyo mwekundu wa Italia ambao jina lake limewahi kuwafikisha majirani mahakamani.

Amarone hutoka Valpolicella, vilima vilivyo kaskazini mwa mji wa Verona. Zabibu zake kuu ni Corvina, Corvinone na Rondinella. Kwingine zabibu zikivunwa hukamuliwa papo hapo. Hapa vichala hulazwa juu ya chanja, kwenye vyumba vinavyopitisha hewa, vikakaa miezi mitatu minne hadi baridi kali iingie. Maji yanapotea. Mkulima aliyeingiza kilo 100 anaweza kubaki na kama 60 au 70. Hebu fikiria umeangalia theluthi ya mavuno yako ikiyeyuka hewani, na ni wewe mwenyewe umeamua hivyo. Ila kile kinachobaki ni kizito, na sukari imejaa.

Ukaushaji huu ni wa kale sana. Katika karne ya 6, Cassiodorus, aliyekuwa afisa mkubwa katika utawala wa Waostrogothi, aliandika barua akiusifu mvinyo wa sehemu hizo uliotengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa. Lakini mvinyo huo ulikuwa mtamu, na mrithi wake leo huitwa Recioto. Utamu unabaki kwa sababu hamira huacha kazi kabla ya kuimaliza sukari. Mara nyingine hamira hukataa kuacha. Inakula sukari karibu yote, kilevi kinapanda, utamu unaisha. Kwa karne nyingi pipa la namna hiyo lilihesabiwa hasara. Wenyeji walikuwa na neno lao, recioto scapà, yaani Recioto iliyotoroka. Mimi niliyetoka chuo kabla ya wenzangu kuvaa majoho, neno hilo nalipenda.

Sasa, mwaka 1933 wakulima wa Negrar walianzisha ushirika. Hadithi inayosimuliwa huko ni kwamba mwaka 1936 msimamizi wa ghala la ushirika huo, Adelino Lucchese, alikutana na pipa la Recioto lililosahaulika. Akaonja, akitarajia uchungu. Akakuta kitu kingine, akasema hii si amaro, ni amarone. Amaro ni chungu. Kile kiambishi cha mwisho hufanya kazi kama ile yetu ya kutoka mtu kufika jitu. Mvinyo uliotoroka ukapata jina, na jina likaanza kuandikwa kwenye chupa.

Usidhani dunia ilibadilika siku hiyo. Miaka ya 1950 ndipo Amarone ilipoanza kuuzwa kibiashara. Mwaka 1968 sheria ya Italia ilipoitambua mivinyo ya Valpolicella, Amarone ilikuwa bado inatajwa kama aina ya Recioto, mtoto chini ya jina la mzazi. Kufikia 2010 ilikuwa imepanda hadi daraja la juu kabisa la mvinyo nchini humo. Kilichokuwa hasara kikawa ndicho chenye bei.

Pesa ikifika, maswali ya ukoo hufuata. Valpolicella ina familia za kale kweli. Mwaka 1353 Pietro, mwana wa mshairi Dante, alinunua shamba pale Gargagnago baada ya baba yake kufukuzwa Florence na kupewa hifadhi Verona. Kizazi chake bado kiko kwenye ardhi hiyo. Familia ya Boscaini, wenye kiwanda cha Masi, inahesabu historia yake kuanzia 1772, ilipopata bonde dogo liitwalo Vaio dei Masi, na hadi leo familia ndiyo inaongoza.

Mwaka 2009 baadhi ya familia hizi, Masi ikiwemo, ziliunda chama na kujiita Familia za Amarone. Malalamiko yao yalieleweka: chupa za bei rahisi zilikuwa zimejaa kwenye supamaketi, na waliogopa jina lingechakaa. Muungano rasmi wa wazalishaji wa Valpolicella ukauliza, kwani Amarone ni yenu? Kesi ikaenda kortini. Mwaka 2017 mahakama ya Venice iliamua chama hicho kiache kutumia neno Amarone katika jina lake. Siku hizi wanajiita Famiglie Storiche, familia za kihistoria.

Nawaelewa wale wa familia. Kukausha zabibu vizuri ni kazi ya subira, na anayelipua kazi huharibia wote. Lakini kwa swali la jina, nasimama na wakulima wadogo. Hati za 1353 na 1772 zinathibitisha nani alinunua ardhi. Mbinu yenyewe ilikuwepo karne nyingi kabla ya hati hizo. Na neno Amarone, kama hadithi ni ya kweli, lilitoka mdomoni mwa mfanyakazi wa ushirika, akiwa amesimama mbele ya pipa ambalo hakuna aliyekuwa analidai.