MTOTO ANAYEJIFUNZA KWA SIKIO



Ndugu zangu, nina kosa langu la kuwasimulia. Miaka ya nyuma hapa Mwanhuzi mama mmoja alinikabidhi mwanawe madrasa. Akitazama ubao anakwama kwenye herufi zile zile. Nilimchapa, nikamwita mvivu. Siku moja nikamkuta uani anawasomea wenzake Suratul Mulk, aya zote 30, hakukosea. Sura ile sikumfundisha. Aliidaka kwa kuwasikia wakubwa. Niliona haya.

Nikarudi kwenye historia yetu. Mtume (S.A.W) hakuwa msomaji wa maandishi. Jibril (A.S) alimsomea, naye akasikiliza na kurudia. Kila Ramadhani walidurusu Qur'ani pamoja, na mwaka wake wa mwisho walidurusu mara mbili. Alimtaka pia Ibn Mas'ud (R.A) amsomee, kwa kuwa alipenda kuisikia kwa mwingine. Ibn Mas'ud akasoma Suratun Nisaa mpaka macho ya Mtume yakabubujika machozi.

Baada ya vita vya Yamama, ambapo mahafidhi wengi waliuawa, Abubakar (R.A) alimwagiza Zaid bin Thabit aikusanye Qur'ani. Zaid aliikusanya kutoka kwenye maandishi na kutoka vifuani mwa watu. Vyote viwili, ndugu zangu.

Mtazameni pia Imamu Shatibi, mtu wa Andalusia aliyefia Misri mwaka 590 Hijria (1194). Alikuwa kipofu. Elimu ya visomo saba aliitia katika beti 1,173 ili wanafunzi waihifadhi, na mpaka leo wanaohitimu visomo wanaanzia kwake.

Hata huku kwetu elimu ilipita sikioni. Pwani watoto wa chuoni waliitikia irabu kwa pamoja. Usukumani wazee waliwafunza vijana jioni kwenye shikome, kando ya moto, kwa hadithi, vitendawili na maswali.

Sisemi kalamu iachwe. Aya ya deni katika Suratul Baqara inatuamrisha kuandika, na mtoto huyu lazima ajue kusoma. Ila mwingizeni kwa mlango uliofunguka. Msomee kwanza, kisha afuatishe kwa kidole yale ambayo sikio limeshayajua. Mpe kidogo kidogo. Mwache ajibu kwa mdomo, aulize, amfundishe mdogo wake. Ukiwa unapika au unachunga, mwambie akusimulie alichosoma leo. Na kabla ya fimbo, mpelekeni hospitali akapimwe macho na masikio.

Yule mtoto nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Nikampa kazi ya kuwasomesha wadogo sura fupi, kila aya akiionyesha msahafuni. Herufi zilikuja, taratibu.

Mzazi, nani nyumbani kwako umemwita mzito kumbe hujamsikiliza?

Allah atusamehe tuliowavunja moyo watoto, awafungulie fahamu zao. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.