Mbayuwayu wa Selborne

Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nasoma chochote nikipatacho. Ndivyo nilivyokutana na Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, aliyechapisha kitabu mwaka 1789 kuhusu kobe wake, majirani na ndege wa pale.

Swali moja lilimsumbua: mbayuwayu huenda wapi baridi ikiingia? Kasisi mwingine alimhakikishia kwamba zamani mafundi waliobomoa sehemu ya juu ya mnara wa kanisa walikuta ndege wanaofanana nao, kama wamekufa, wakawapeleka karibu na moto wakazinduka. White akaamini huenda wengine hujificha hapohapo. Akaajiri watu wapekue vichaka. Wakakosa. Wakiwa bado kazini, mbayuwayu wa kwanza wa mwaka huo akatokea akiruka juu ya kijiji!

Mwaka 1912, mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire alipatikana Natal, Afrika Kusini. Ndipo Waingereza wakapata ushahidi.

Nyanya yangu hakuwahi kukanyaga darasa, lakini alijua mbayuwayu hutujia na mvua za vuli, kisha huondoka. White aliwauliza majirani wake. Kwetu hakuna aliyefika kuuliza.